Hesabu siku kabla ya shilingi: mwongozo wa kupata fedha za kutafiti tai na jamaa zake, kuanzia Muheza

Vijana wanaonipigia simu kutoka Muheza, Lushoto na Tanga mjini huanza karibu wote kwa swali moja: "Kaka, nani anatoa hela za utafiti wa ndege?" Jibu lipo, na majina nitayataja huko mbele. Lakini mlango wa kwanza si mfadhili. Ndege mbuai, yaani tai, tumbusi, kozi, mwewe, bundi na wenzao, wanaishi wachache wachache, kila jozi na eneo lake pana, na kuwapata kunakula siku nyingi. Fedha zao humwendea mtu aliyekwisha kuzihesabu siku hizo. Anayeanza na shilingi huandika andiko la kuomba fedha lenye kila kitu isipokuwa ndege.

Mifano yangu mingi ni ya Usambara Mashariki kwa sababu ndiko ninakozijua njia. Wewe wa Pangani, Saadani, Mkomazi au Bagamoyo utabadilisha jina la ndege na la kijiji, kazi ni ileile.

1. Swali moja, ndege mmoja, bonde moja

"Utafiti wa uhifadhi wa ndege mbuai mkoani Tanga" si swali, ni kichwa cha habari. Swali ni kama hili: kati ya Kwamkoro na Monga kuna viota vingapi vya tai-taji vinavyotumika, na vingapi viko nje ya mpaka wa hifadhi ya Amani? Hilo linajibika kwa miguu, darubini na subira, na mtu wa mbali ambaye hajawahi kufika Tanga ataelewa mara moja unachotaka kufanya.

Sababu za kuomba zipo tele, usizibuni. Mwanzoni mwa 2024 ulichapishwa utafiti wa spishi 42 za ndege mbuai wa savana za Afrika. Spishi 37 kati ya hizo zilikuwa zimepungua. Takwimu zake zilikusanywa barabarani huko Afrika Magharibi, kaskazini mwa Kameruni, Kenya na Botswana. Tanzania haimo. Hoja hiyo ni ya kwako, itumie: nchi yetu ina mbuga na misitu mikubwa, na bado kwenye hesabu hiyo ya bara ni pengo.

Kisha angalia unapoishi kuna nani.

Milimani, kwenye hifadhi za misitu za Amani na Nilo, kuna tai-taji, yule mwenye kishungi anayekamata hata kima. Kuna bundi mkubwa wa Usambara, Bubo vosseleri, aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani aliyefanya kazi Amani mwanzoni mwa karne iliyopita. Wataalamu wengine humhesabu kuwa spishi kamili na wengine humweka chini ya bundi wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Jambo hili si la vitabuni tu. Kama mfadhili anatoa fedha kwa jina la spishi, hakikisha kwanza ndege wako amesajiliwaje kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya dunia ya viumbe na viwango vyao vya hatari, la sivyo unaweza kuandika kurasa kumi kwa mtu ambaye masharti yake hayamtambui huyo bundi.

Kwenye misitu ya chini, upande wa Sigi na Longuza, kuna kibundi cha Sokoke, ndege wa urefu usiozidi shubiri moja. Alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, baadaye akaonekana pia kwenye miteremko ya Usambara Mashariki. Yuko hatarini kutoweka na makazi yake yanayojulikana ni machache. Kwa ajili ya kuomba fedha, huyu ana hoja nzito kuliko ndege mbuai wengine wote wa wilaya ya Muheza. Humohumo yumo tai mla nyoka wa misitu ya pwani, Circaetus fasciolatus, ambaye kelele zake utazisikia mara nyingi kabla hujamwona.

Mkomazi na nyika zake kuna tumbusi mgongo-mweupe, aliye kwenye ngazi ya hatari kubwa kabisa, na wapo pungu, karani tamba na yule tai mkubwa wa mbugani, Polemaetus bellicosus, ambao wote watatu walipandishwa kuwa "hatarini" mwaka 2020. Kwenye mito ya Pangani na Wami kuna furukombe. Nampenda sana furukombe, lakini hayumo hatarini, kwa hiyo ukimchagua jenga swali lako juu ya mto, mikoko au samaki anaowategemea.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloangusha maandiko mengi: mwendo wa maisha ya ndege mwenyewe. Tai-taji jike huatamia siku zipatazo 50. Kinda hukaa kiotoni siku 110 hivi. Akisharuka bado wazazi humlisha kwa miezi tisa, pengine kumi na moja. Jumlisha. Jozi nyingi huzaa mara moja kila miaka miwili. Leslie Brown, aliyekuwa afisa kilimo nchini Kenya na kuwafuatilia tai-taji kwa miaka mingi, ni mmoja wa waliolionyesha hilo. Sasa wewe ukiomba fedha za miezi kumi na miwili ukaahidi kupima mafanikio ya kuzaa, nusu ya jozi zako huenda zikawa kwenye mwaka wa mapumziko, na msomaji anayewajua ndege hao atalikataa andiko lako akiwa ukurasa wa pili. Kwa mwaka mmoja ahidi kutafuta viota, kuvisajili na kuonyesha vipi vinatumika. Kupima kuzaa ni ombi la miaka mitatu.

2. Nenda kaone kwa nauli yako

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta siku saba. Daladala hadi Muheza, kisha gari la Amani, kilomita thelathini na kitu za kupanda mlima. Usiende masika, yaani Machi hadi Mei: barabara inateleza, ukungu unakaa hadi mchana na hutaona kitu.

Siku yangu ya kwanza niliripoti ofisi ya kijiji na kuulizia mtu anayeujua msitu. Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akianika iliki kwenye mkeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na nani?"

Nikamwambia sijatumwa, namtafuta ndege anayekula kima. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na panga na koti la mvua. Tulitembea saa moja na nusu hadi kwenye mti mmoja mkubwa wa mnyasa. Hakuniambia niangalie juu. Aliinama, akafukua majani makavu kwa ncha ya panga, akaniwekea kiganjani fuvu la kima mdogo, jeupe, lenye tundu upande mmoja ambamo ncha ya kidole changu cha mwisho iliingia sawasawa. Chini ya majani hayo kulikuwa na mifupa mingine, ya perere na ya paa. Ndipo nilipoinua macho nikaona kiota: rundo la vijiti lenye ukubwa wa kitanda, kwenye panda ya kwanza ya mti, na ukingoni majani mabichi yaliyokuwa yamewekwa siku hizohizo.

Fuvu lile lilinipa aya ya kwanza ya andiko langu la kwanza lililokubaliwa.

Katika siku saba hizo andika kila kitu kwenye daftari: saa ulizokaa mahali pa juu ukitazama, hali ya hewa, uliowaona, na saa ambazo hukuona chochote. Saa tupu nazo ni takwimu. Ukiwa na saa 40 za kutazama na viota viwili, tayari una takwimu za awali, na tofauti yako na mwombaji aliyeko mjini akisoma mtandaoni ni kubwa mno. Pia utajua bei halisi: bodaboda wanatoza kiasi gani, chumba cha kulala ni kiasi gani, msaidizi wa kijijini analipwaje. Andika hizo bei siku hiyohiyo.

3. Vibali, na kwa nini vinatangulia fedha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopoteza msimu mzima. Nilipata ruzuku mwezi wa sita, nikaanza kushughulikia kibali mwezi wa saba nikidhani ni suala la wiki tatu. Barua moja ilikosewa jina la hifadhi, ikarudishwa, ikakaa mezani kwa mtu aliyekuwa likizo. Kibali kilitoka baada ya miezi minne. Tai niliowakusudia walikuwa wameshatotoa, nami nikamwandikia mfadhili barua ya kuomba kusogeza tarehe. Alikubali, lakini nilijisikia vibaya, kwa sababu kosa lilikuwa la kalenda yangu.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Anza na taasisi yako. Kama ni mwanafunzi au mhadhiri wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au chuo cha wanyamapori cha Mweka, barua ya utambulisho hutoka chuoni. Kama huna chuo, tafuta shirika la kukubeba mapema. Nature Tanzania, ambao hapa nchini ni washirika wa BirdLife, muungano wa kimataifa wa mashirika ya kuhifadhi ndege, ni watu wa kuzungumza nao kwa jambo lolote la ndege.

Pili ni TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori yenye makao makuu Arusha. Utafiti wowote wa wanyamapori unapita kwao, na ndege ni wanyamapori. Tatu ni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo ndiyo hutoa kibali cha utafiti. Ukiwa na mwenzako raia wa kigeni, kibali ni lazima, mbia wa Kitanzania ni lazima, na atahitaji pia kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Hayo yote huongeza muda.

Nne ni mwenye eneo. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, yenye hekta 8,380, na iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mkomazi na Saadani ni hifadhi za taifa, hivyo mwenye eneo ni TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Mashamba ya chai na mkonge yana mameneja wao. Usiyasahau, maana viota vingine viko kwenye vipande vya msitu vilivyobaki katikati ya chai.

Tano ni serikali ya mkoa, wilaya na kijiji. Barua hushuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi Katibu Tawala wa Wilaya hadi mtendaji wa kijiji. Hapa wasomi wengi hukosea adabu: wanafika kijijini na nakala ya kibali cha Dar es Salaam wakidhani inatosha. Mpelekee mwenyekiti barua yake mwenyewe, kaa, eleza, uliza kama mkutano wa kijiji unaweza kukupa dakika kumi. Bundi kwa wazee wengi wa kwetu ni ndege wa mkosi, akilia juu ya paa watu hawalali. Kijana anayezunguka usiku na spika akicheza sauti za bundi bila watu kujua anatafuta matatizo, na matatizo hayo atayapata.

Kama utakusanya manyoya, damu au makombo ya mifupa kwa ajili ya maabara ya nje, kuna vibali vya ziada vya kusafirisha sampuli, pamoja na cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa karibu ndege mbuai wote wako kwenye orodha zake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuacha sampuli kabisa. Mwaka wa kwanza tazama tu.

Sasa kalenda. Hesabu nyuma kutoka siku unayotaka kuwa msituni: miezi sita ya vibali, miezi minne hadi sita ya kusubiri jibu la mfadhili. Viende sambamba. Kwenye andiko andika "maombi ya kibali yamewasilishwa tarehe fulani". Sentensi hiyo moja humtuliza msomaji.

4. Wafadhili, kwa jinsi wanavyokufaa

Kwa anayeanza, wa kwanza ningemtazama Rufford Foundation ya Uingereza. Wanatoa ruzuku ndogo kwa miradi ya uhifadhi katika nchi zetu, maombi yanajazwa mtandaoni, na wanataka wadhamini watatu wanaokufahamu. Uzuri wao ni ngazi: ukimaliza ruzuku ya kwanza vizuri unaruhusiwa kuomba ya pili, kisha kubwa zaidi. Kwa ndege anayezaa kila baada ya miaka miwili, ngazi kama hiyo inafaa kuliko hundi kubwa ya mara moja.

Kwa vifaa, IDEA WILD ya Marekani haikupi fedha, inakupa vyenyewe: darubini, GPS, kamera za kutega. Waombee kando, halafu kwenye bajeti ya mfadhili mwingine andika kwamba vifaa vimeombwa kwao. Bajeti yako itapungua na itaonekana ni ya mtu mwenye mipango.

Raptor Research Foundation, chama cha watafiti wa ndege mbuai kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, kina mfuko wenye jina la Leslie Brown niliyemtaja, na maombi yanayohusu ndege mbuai wa Afrika hupewa kipaumbele humo. Kiasi chake ni kidogo, lakini wanaokusoma ni watu wanaoujua mguu wa tai kwa kuona ukucha mmoja. Ukipita kwao, jina lako linaanza kujulikana kwenye fani. African Bird Club nao wana mfuko mdogo wa uhifadhi wa ndege wa Afrika, na Peregrine Fund, shirika la tangu 1970 lenye programu ya Afrika, ni vyema kuwaandikia hata kabla hujaomba kitu, ukiwaeleza tu unachokiona huku.

Ukiwa na spishi iliyo hatarini, kama kibundi cha Sokoke au tumbusi, mfuko wa Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund wa Abu Dhabi hutoa hadi dola 25,000 kwa mradi wa spishi maalumu, na hupokea maombi kwa awamu tatu kwa mwaka. Usiombe kiasi chote kwa sababu kipo. Omba kinacholingana na siku zako.

Conservation Leadership Programme imejengwa kwa ajili ya timu za vijana. Haimfai mtu anayetaka kufanya peke yake, na mimi naona hilo ni jema: mmoja awe wa ndege, mwingine wa takwimu, mwingine wa vijiji.

Hapa nyumbani, EAMCEF, Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki wenye makao Morogoro, umekuwepo tangu 2001, na utafiti wa kutatua matatizo ya usimamizi ni mojawapo ya mambo unayogharamia katika milima kama Usambara. Watu wengi huruka kwenda London bila kugonga hodi Morogoro. Kwa mwenye swali linalomsaidia mhifadhi wa Amani kufanya uamuzi, hapo ni pa kuanzia. Na kwa mafunzo, Hawk Mountain huko Pennsylvania huchukua vijana kutoka nchi mbalimbali kujifunza kazi ya ndege mbuai, nayo Tropical Biology Association imeendesha kozi zake hapahapa Amani. Kozi si ruzuku, lakini mdhamini mzuri wa barua hupatikana huko.

Kila mfadhili hubadilisha viwango na tarehe. Soma masharti yao ya mwaka huo mwenyewe, mstari kwa mstari, usitegemee alichokuambia rafiki aliyeomba zamani.

5. Bajeti

Nilipokataliwa mara ya kwanza, mfadhili alinipa mrejesho wa sentensi mbili. Ya pili ilisema: hatuoni fedha hizi zinafikaje kwa ndege. Nikalisoma tena andiko langu. Nilikuwa nimeomba pikipiki, kompyuta mpakato na kamera kubwa, na siku za msituni zilikuwa kumi na nane. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo naanza na siku. Tuseme siku sita kila mwezi kwa miezi kumi na miwili: siku 72. Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu, wewe utaweka ulizoandika kwenye daftari lako:

- Chakula cha mtafiti, sh 20,000 kwa siku: 1,440,000
- Wasaidizi wawili wa kijijini, sh 25,000 kila mmoja kwa siku: 3,600,000
- Malazi, sh 15,000 kwa siku: 1,080,000
- Nauli Muheza–Amani kwenda na kurudi, safari 12 kwa sh 40,000: 480,000
- Bodaboda za ndani, sh 10,000 kwa siku: 720,000
- Vibali, ada na nakala za barua: 1,500,000
- Mikutano ya vijiji vinne, sh 250,000 kila kimoja: 1,000,000
- Simu, bando na uchapishaji, sh 50,000 kwa mwezi: 600,000
- Huduma ya kwanza, bima, viatu na makoti ya mvua: 700,000

Jumla sh 11,120,000. Ongeza asilimia 5 ya dharura, sh 556,000, unafika 11,676,000. Ukichukua pauni moja kuwa sh 3,300, ni kama pauni 3,540. Darubini na GPS hazimo kwa sababu zimeombwa kwingine.

Tazama mistari mitatu ya mwanzo: zaidi ya nusu ya fedha yote ni watu kuwa msituni. Msomaji akiiona anaelewa bila maelezo. Gawanya jumla kwa siku 72 umwandikie gharama ya siku moja, kwa kuwa swali hilo atalifikiria hata asipouliza.

Mambo machache ya kuangalia. Wafadhili wadogo wengi hawalipi mshahara wa mwombaji, kwa hiyo andika chakula na malazi, si posho ya kujikimu ya kiwango cha semina. Wasaidizi usiwapunje, mzee aliyenionyesha kiota ana elimu ambayo sikuipata chuoni, na siku yake ni ya kulipwa. Kifaa cha kufuatilia tai kwa satelaiti kimoja huzidi dola 1,000 kabla ya gharama za data, na kukamata tai-taji mzima bila kumuumiza ni kazi ya mtu aliyefunzwa kwa miaka. Usikiweke kwenye ombi la kwanza. Chuo au shirika litakalopokea fedha kwa niaba yako huenda likakata asilimia ya uendeshaji. Uliza ni ngapi kabla ya kuandika jumla, na uliza kama mfadhili anairuhusu. Na kwa kuwa bajeti yako ni ya shilingi na fedha zitakuja kwa pauni au dola, andika kiwango ulichotumia na tarehe yake.

6. Kuandika

Andiko litakuwa la Kiingereza. Lifikirie kwa Kiswahili kwanza. Mimi humweleza dada yangu, mfanyabiashara wa machungwa pale Muheza, mradi mzima kwa dakika tano. Akiuliza "sasa ukishajua idadi ya viota, nani atafanya nini?" najua sehemu ile bado haijaiva. Jibu lake ndilo matokeo yako: ramani ya viota itakayokabidhiwa kwa mhifadhi, kwa meneja wa shamba, kwa kamati ya maliasili ya kijiji, ili mti wenye kiota usikatwe.

Aya ya mbinu iandike kwa undani kuliko zote. Sema utakaa sehemu ngapi za juu, saa ngapi kwa siku, saa zipi (tai-taji hupenda kupaa na kuita katikati ya asubuhi, hewa ikishapata joto), utarekodi nini, na utafanya nini ukungu ukiziba. Kwa kibundi cha Sokoke sema utacheza sauti mara ngapi na kwa dakika ngapi, kwa sababu kumchezea sana humsumbua. Usiahidi "kuongeza uelewa wa jamii" bila kutaja mkutano, kijiji na siku.

Wadhamini waombe mapema na uwapelekee andiko zima. Mdhamini anayeandika "ni kijana mwenye bidii" hakusaidii. Anayeandika "nimekaa naye siku nne Sigi, anamtambua tai mla nyoka kwa sauti" anakusaidia.

7. Ukikataliwa

Utakataliwa. Omba mrejesho kwa heshima, subiri siku tatu hasira ziishe, rekebisha, peleka kwingine. Mwambie kila mfadhili ukweli kuhusu wengine uliowaomba. Wanafahamiana kuliko unavyodhani.

8. Fedha zikifika

Fungua daftari la fedha siku hiyohiyo. Madukani dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Kijijini hakuna risiti, kwa hiyo tengeneza vocha za malipo: jina, kazi, siku, kiasi, sahihi au dole gumba. Piga picha kila karatasi kwa simu, maana mvua ya Amani haina huruma na karatasi. Ukitaka kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine, andika kwa mfadhili kabla hujahamisha.

Majira ya viota yasipatane na tarehe ya ripoti, sema. Kiota kikiwa kitupu, sema kitupu.

Mahali kamili pa viota pasitoke nje. Kwenye ripoti ya mfadhili na kwenye ukurasa wowote wa umma weka ramani ya miraba mikubwa tu. Vipimo vya GPS wape wenye eneo peke yao. Kinda wa tai ana bei kwa watu wabaya, na mti wa mnyasa hauwezi kukimbia. Vivyo hivyo picha za simu: zima kipengele cha kurekodi mahali kabla ya kupiga.

Ripoti ya Kiingereza ikishaenda, andika nyingine ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, herufi kubwa, na picha mbili. Yangu niliibandika kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji vinne. Nilipopanda tena baada ya miezi miwili, ya kijiji kimoja haikuwepo. Nilidhani mvua imeiharibu. Nikaikuta nyumbani kwa yule mzee wa iliki, imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni, na pembeni mwa kiota namba tatu alikuwa amechora kwa kalamu ya wino alama ya mti mwingine ambao mimi sikuwahi kuufikia. Ombi langu la ruzuku ya pili nilianza kuliandika jioni hiyo, na siku mbili za kwanza za bajeti yake ni za kwenda kwenye mti huo.